Shauri la majeruhi: usiiachie huruma ya hakimu fidia ya jumla

Mawakili vijana wakinijia na jalada la mtu aliyegongwa na gari, swali la kwanza karibu kila mara ni namna ya kuthibitisha uzembe wa dereva. Ni swali la lazima. Lakini katika mashauri niliyoendesha, uzembe mara nyingi umekuwa sehemu nyepesi. Kinachoniuma ni kuona mdai anashinda kwenye uzembe, kisha anapewa fidia isiyotosha hata nauli za kliniki za mwaka mmoja, kwa kuwa kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, hakuna kinachoonyesha alichopoteza. Alipanda kizimbani akasema, "Niliumia mguu, nilipata maumivu makali, naomba fidia." Wakili wake akasema hana swali lingine. Hakimu ataandika nini hapo?

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshaeleza kwamba fidia ya jumla, yaani ile ya maumivu na maisha yaliyoharibika, isiyo na risiti, ni hiari ya mahakama, ila hiari hiyo lazima itolewe sababu, na sababu zitoke kwenye ushahidi. Wengi wetu tumeikariri nusu ya kwanza tu. Kwa kuwa haihitaji risiti, tunaona haihitaji ushahidi. Mimi naiandalia mashahidi kuliko kitu kingine chochote kwenye jalada.

Naanzia nyumbani kwa mteja. Ofisini mtu hukaa kwenye kiti, anajikaza, anakujibu kwa adabu, na humwoni akipanda kitanda wala akienda chooni. Niliwahi kumwakilisha fundi cherehani aliyevunjika kifundo cha mguu wa kulia. Ripoti ya hospitali ilisema mfupa umeunga vizuri. Nilipofika kwake nikaikuta cherehani ya kukanyaga imefunikwa shuka, na nguo za wateja anazigawa kwa mafundi wengine kwa malipo kidogo. Kifundo kilikuwa kimeunga, ndiyo, lakini hakikunjiki. Habari hiyo haikuwemo kwenye karatasi yoyote.

Mahakamani sikumuuliza kama anaumia. Nilimuuliza: kabla ya ajali, siku ya kawaida uliamka saa ngapi, ukaanza na kazi gani? Sare za shule ulishona ngapi kwa siku msimu wa kufungua shule? Sasa hivi je? Maswali mafupi, yasiyomtilia jibu mdomoni, maana kwenye ushahidi wa msingi maswali elekezi hayaruhusiwi. Kisha nikamwita jirani anayemchotea maji. Jirani hana cha kugawiwa katika hukumu, kwa hiyo neno lake lina uzito ambao la mume au mama halina. Tafuta mtu wa aina hiyo kwa kila mteja: msimamizi wa kibarua, kiongozi wa kituo cha bodaboda, katibu wa kwaya.

Na mwandae mteja aseme pia anachoweza. Anayedai hawezi kufanya lolote ataumbuliwa na picha moja ya harusini iliyozunguka WhatsApp. Kama aliwahi kuumia mgongo miaka ya nyuma, litoe wewe mwenyewe jambo hilo kwenye ushahidi wa msingi, aeleze alikuwaje kabla ya ajali hii na alivyo leo. Likitolewa na wakili wa upande wa pili kwenye maswali ya dodoso, litasikika kama siri iliyofichuka.

Sasa daktari. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ni muhimu, lakini kumbuka inavyojazwa: usiku, wagonjwa wamepanga foleni, tabibu wa zamu anaandika mistari michache. Inathibitisha kwamba mtu aliumia. Haisemi atakuwaje baada ya miaka mitano. Kwa hilo unahitaji daktari wa mifupa, awe wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au wa hospitali ya rufaa ya mkoa, amchunguze mteja hali ikishatulia na aandike asilimia ya ulemavu wa kudumu, upasuaji unaobaki, kama kutoa vyuma, na gharama zake. Kisha aje mwenyewe. Omba hati ya wito mapema na umpigie simu kabla ya kukubali tarehe, kwa sababu siku za upasuaji hatakuja.

Kaeni naye walau nusu saa kabla ya kuingia. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, lakini daktari amesomea kwa Kiingereza na akishtukizwa atarudi huko. Muombe aeleze kwa maneno ambayo angemweleza mgonjwa. Picha ya eksirei aishike mkononi na aonyeshe kwa kidole. Na asilimia usiiache ikining'inia peke yake. Ulemavu wa asilimia 20 kwa karani wa benki si sawa na asilimia 20 kwa fundi mwashi anayepanda jukwaa na ndoo ya zege. Muulize daktari mguu huo unaweza kubeba nini, kwa muda gani, kwenye ngazi ya namna gani. Hapo ndipo asilimia inageuka kuwa riziki iliyopotea.

Fidia mahususi, yaani ya gharama zinazohesabika kama dawa na nauli, ina kanuni kali: kila shilingi itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani ulioripotiwa kwenye TLR (mkusanyo wa hukumu za Tanzania) ya 1992 unanukuliwa hadi leo katika kila hukumu ya aina hii. Kwa hiyo siku ya kwanza mteja anapofika namkabidhi bahasha na kumwambia kila karatasi iingie humo, ya dawa, ya magongo, ya teksi. Risiti za EFD hufifia. Zitolewe nakala mara moja, na za asili zitunzwe mbali na jua, kwani ndizo zitakazotakiwa mahakamani. Pale ambapo risiti haikuwepo, kama nauli ya bajaji kwenda kliniki, mwite dereva wa bajaji.

Hapo linakuja kosa ambalo nimeliona likiua madai mazuri. Wakili ameambatisha kila kitu kwenye hati ya madai, anaamini kazi imekwisha. Viambatisho si vielelezo. Mahakama haitavitazama mpaka shahidi anayevifahamu avitambue, aombe vipokelewe, upande wa pili upewe nafasi ya kupinga, na vipokelewe na kupewa alama. Vikishapokelewa, ndipo visomwe. Ukisoma kwanza ukaomba baadaye, umempa mwenzako hoja ya rufaa. Mimi huandika kwenye karatasi moja kila kielelezo na jina la shahidi atakayekitoa, na kila kimoja kikipokelewa nakifuta kwenye orodha.

Kwenye uzembe, nenda kwanza mahakama iliyosikiliza kesi ya trafiki. Madereva wengi hukiri kosa, hulipa faini na kuondoka, nayo Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ikishapita muda wa rufaa, au rufaa ikishaamuliwa, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Chukua nakala iliyothibitishwa ya mwenendo na hukumu. Lakini bado watadai mteja wako alichangia, kwamba alivuka bila kuangalia au hakuvaa kofia ngumu, kwa hiyo mchoro wa ajali wa askari wa trafiki utauhitaji tu.

Dereva akipanda kizimbani, usimuulize kama alikuwa anakwenda kasi. Atasema hapana. Muulize kama pale pana maduka pande zote mbili, kama anajua ukomo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, alimwona mdai akiwa wapi, gari lilisimama wapi baada ya kumgonga. Umbali utajieleza. Muulize kila jambo unalolipinga, maana usichokidodosa huhesabiwa umekikubali. Ukishapata ulichokitaka, keti. Wengi wetu tunaharibu kwa swali moja la ziada la kutaka dereva akiri kwa mdomo wake.

Yapo mambo ya kabla ya kufungua shauri nitakayoyapitia haraka, ingawa yakikosewa hutafika kwenye ushahidi kabisa. Madai ya uzembe yana miaka 3 tangu tukio. Gari likiwa la serikali au la halmashauri, toa notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na uende Mahakama Kuu. Mmiliki mthibitishe kwa taarifa za usajili kutoka TRA, usitegemee jina lililoandikwa mlangoni mwa basi. Kampuni ya bima ipe taarifa ya maandishi mapema, ibaki nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, la sivyo utashinda na kuikosa hela. Kiasi unachokipanga kama fidia ya jumla hakiamui mamlaka ya mahakama, yaani mahakama ipi isikilize shauri. Kinachoamua ni madai ya msingi, kama Mahakama ya Rufani ilivyosema katika shauri kati ya Tanzania-China Friendship Textile na Our Lady of the Usambara Sisters. Na aliyeumia akiwa kazini, anza na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Usuluhishi uuendee ukiwa na ripoti ya daktari mkononi. Kampuni za bima hupenda kumaliza mapema, na mteja mwenye njaa atataka kusaini. Nakaa naye, nampigia hesabu ya upasuaji uliobaki na miezi asiyofanya kazi, halafu uamuzi unabaki kuwa wake.

Ushahidi ukifungwa, omba kuwasilisha hoja za mwisho kwa maandishi hata kama hakimu hazioni za lazima. Usiandike "fidia kubwa itakayoipendeza mahakama". Tafuta kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, hukumu mbili tatu za majeraha yanayofanana, za karibuni kadiri uwezavyo kwa sababu shilingi imeshuka thamani, na uoneshe mteja wako anafanana nazo wapi na anazidi wapi. Kisha kila kiasi unachoomba kifunge na ushahidi wake: cherehani kwa mdai na shahidi wa pili, magongo kwa kielelezo namba fulani, upasuaji wa kutoa vyuma kwa daktari na ukurasa wa mwenendo aliposema hivyo. Na kama uliomba riba kwenye hati ya madai, itaje tena hapo, tangu lini na kwa kiwango gani.