Mitishamba ya UTI inayorudi rudi: niliyopitia mimi

Dada uliyeuliza, umesema UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) imekurudia mara ya tatu mwaka huu, umechoka na antibayotiki na unataka kujua unywe mtishamba gani na kwa siku ngapi. Nakujibu kwa urefu kidogo maana mi nimekaa humo humo miaka miwili na najua ile hali ya kutoka chooni, hujafika hata mlangoni unataka kurudi, halafu kinatoka kitone kimoja kinachochoma kama pilipili.

UTI yangu ya nne nikasema dawa za hospitali basi. Nikawa nachemsha ndevu za mahindi, konzi moja kwa lita ya maji, nachuja, yanatoka maji ya rangi ya chai hafifu yenye utamu wa mbali, nakunywa kutwa nzima. Siku ya pili nafuu ikaja kweli, ikabaki kuungua kidogo tu mwisho wa kukojoa, na mi nikaanza kuwaambia wenzangu nimepona. Siku ya tano usiku naamka natetemeka meno yanagongana, homa, kichefuchefu, na mgongo upande wa kulia chini ya mbavu unauma mpaka daktari aliponigonga pale kidogo tu kwa ngumi nikaruka. Ilishapanda kwenye figo. Nililazwa siku tatu nachomwa dawa za mshipa.

Kilichonidanganya ni ile nafuu. Ukinywa maji mengi ya kitu chochote mkojo unakuwa mwepesi, hauchomi sana, na baadhi ya bakteria wanatoka nao, ila hawa E. coli ambao ndio wanaleta UTI nyingi wana vinyweleo vya kung'ang'ania ukuta wa kibofu, wengine wanabaki pale pale wanazaliana wakati wewe unahesabu umepona. Na kuna UTI nyepesi zinazoisha zenyewe, ndio maana utakuta watu wengi wanaapa kwamba mtishamba fulani uliwaponyesha na wala hawasemi uongo, ila huwezi kujua mapema kama yako ni ya kuisha au ya kupanda.

Sasa kuzuia isirudi, hapo ndo kuna vitu vinasaidia. Cha kwanza ni maji tu. Kuna utafiti ulitoka 2018, wanawake 140 wenye UTI za kurudi rudi na waliokuwa wanakunywa maji kidogo, nusu yao wakaongezewa lita 1.5 kwa siku kwa mwaka mzima, wakapata wastani wa mara 1.7 wakati wenzao ni kama 3.2. Mi hiki ndicho kilichonibadilishia maisha, chupa siachi. Cha pili ni kranberi, yale matunda madogo mekundu machachu, uchambuzi wa 2023 wa Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya) uliokusanya tafiti 50 ulionyesha inapunguza kurudi kwa kama robo hivi kwa wanawake wenye shida hii, maana inawazuia bakteria kushika ukuta. Inazuia, haitibu iliyokwisha anza, na kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Kukojoa baada ya tendo nafanya pia, na kama mnatumia dawa za kuua mbegu za kiume acheni, zinachangia sana.

Kuna wanaokushauri kitunguu saumu uweke ukeni. Tafadhali usifanye, kinaunguza ngozi ya ndani na UTI iko kwenye njia ya mkojo, hata sio sehemu hiyo.

Na hiyo antibayotiki uliyochoka nayo, umewahi kuoteshwa mkojo, yaani maabara wakuze bakteria waone ni yupi na dawa ipi inamuua? Mi miaka yote miwili napewa dawa ileile kwa kuangalia dalili, na nikiona nafuu naacha dozi katikati. Nilivyolazwa wakaotesha, kumbe bakteria wangu alishakuwa sugu kwa dawa hiyo, nikabadilishiwa, nikamaliza dozi yote na nikakaa miezi kumi na moja bila kitu. Kipimo omba kabla hujameza dawa yoyote, unanawa, unaacha mkojo wa mwanzo upite halafu unakinga wa katikati, majibu yanachukua siku mbili tatu. Wakati mwingine inaonekana hata sio UTI, ni fangasi au ugonjwa wa zinaa, dalili zinafanana sana.

Ndevu za mahindi bado nakunywa mara moja moja kwa sababu nazipenda, ila sio siku ambayo mkojo unaniuma.

Halafu hujasema kama una ujauzito au kisukari. Kama una kimojawapo, au umeanza homa, kutapika, mgongo kuuma au damu kwenye mkojo, usisubiri majibu ya wengine hapa, nenda leo hii hata kama ni usiku.