Komedi za 1994, mi nazipanga hivi (na Andaz Apna Apna sio namba moja)

Swali lilikua uchague mwaka mmoja tu halafu upange komedi zake, naona wengi wamekimbilia za juzi juzi. Mi nawarudisha 1994. Jim Carrey peke yake alitoa tatu mwaka huo, Ace Ventura, The Mask na Dumb and Dumber, Govinda wa India akaja na Raja Babu, Aamir na Salman Khan wakafanya Andaz Apna Apna, na Jackie Chan akatoa Drunken Master ya pili. Najua Mombasa nyingi zilitufikia baadae, tena kwa kanda zilizokopiwa mpaka sura za watu zina mchanga, lakini mwaka wa picha ni ule iliotoka sio ule ulioiona wewe.

Kipimo changu ni banda la video Majengo enzi hizo. Mabenchi ya mbao, feni moja yapiga kelele kuliko spika, ndani kuna makuli wametoka bandarini, wauza madafu, na watoto waliotoroka madrasa nikiwemo mimi, na wengi wao Kizungu ni cha kuombea maji na Kihindi hivyo hivyo. Picha ikiwachekesha hao wote bila mtu kuwatafsiria, hio ndo komedi. Ikitaka maelezo inashuka.

Kwa hivyo ya juu kabisa ni Dumb and Dumber, na sibishani. Watu wanaikumbuka kwa ile sini ya choo, Jeff Daniels katiliwa dawa ya kuharisha kwa kinywaji, anakimbilia choo cha yule dada anayempenda, akimaliza ndo anaambiwa choo chenyewe kibovu, hakipitishi maji. Hapo banda lote lilikua chini, kuna mzee mmoja ashavua kofia yake ya vito ajifutia machozi nayo. Lakini kwangu kali zaidi ni begi. Hawa wajinga wawili wamesafiri kutoka Rhode Island mpaka Aspen kumrudishia mwenyewe begi lake, walipofika wamegundua ni la pesa, wakala zote, na kila walichokula wakaweka kikaratasi cha deni ndani. Sasa jambazi kashika bastola afungua begi akuta makaratasi matupu, na Jim Carrey anamuelezea kwa upole kabisa kwamba hesabu iko sawa, hebu angalia, hata gari wameiandika, Lamborghini, dola 275,000, hio usiitupe. Mtu yeyote aliyewahi kuweka duka mtaani na daftari la mkopo awajua hawa watu kwa majina. Na lile jino la Carrey lililovunjika si meki-apu, jino lake ni bovu kweli, alilivua kifuniko tu.

Ya pili Drunken Master II, na kabla hujaniambia hio ni picha ya ngumi, kaiangalie tena umuone Anita Mui. Kaigiza mama wa kambo wa Jackie na kiumri Jackie amemzidi miaka tisa! Yule mama anacheza kamari kwa kificho mumewe asijue, akishikwa analia machozi ya bandia, halafu kijana wake akipigana barabarani yeye ndo amrushia chupa za pombe ili apigane vizuri. Nusu ya vicheko ni vyake. Mwisho ni ngumi za hatari, yule adui wa mateke, Ken Lo, alikua bodigadi wa Jackie mwenyewe, na yale makaa Jackie anayotambaa juu yake yalikua ya moto kweli.

Raja Babu naiweka ya tatu na ingekua juu zaidi kama si ile nusu ya pili. Govinda hajasoma lakini baba ana pesa, basi kazi yake kuvaa nguo za watu na kupigwa picha, leo wakili, kesho daktari, kesho kutwa polisi, na Karisma Kapoor, yule msichana wa picha, anaona picha akaamini. Sasa niambie nyumba gani hapa Mombasa haina picha ya studio ya mjomba kavaa koti la kuazima, nyuma pazia la maporomoko ya maji? Shakti Kapoor ndani ya hio picha akiwa Nandu alipata tuzo ya Filmfare, ile ya sinema za Kihindi, ya mchekeshaji bora, na ilimstahiki. Shida ni kwamba baada ya hapo yaingia mambo ya mtoto wa kuokotwa, mama analia, baba analia, hata sisi tulikua tukitoka nje kununua mabuyu.

The Mask nne. Polisi wote kushikwa na ngoma wakaanza kucheza barabarani, ile haizeeki, na Cameron Diaz hio ndo ilikua picha yake ya kwanza. Ila Stanley, yule Carrey anayeigiza, bila kinyago anachosha.

Haya, Andaz Apna Apna ya tano, nitukaneni. Ni nzuri, nakubali, Paresh Rawal kucheza pacha wawili mmoja tajiri mmoja jambazi, yule jambazi wa kuchekesha Crime Master Gogo, yote hayo. Ilipotoka hata India haikufanya biashara, ni kanda na TV zilizoiokoa. Lakini utamu wake uko kwa maneno, na pale bandani wanaojua Kihindi walikua wanacheka kwanza halafu wengine tunawacheka wao wanavyocheka. Kama wajua Kihindi ipandishe mpaka ya kwanza, sina neno.

Ace Ventura nimeitoa. Nyumba yake iliyojaa wanyama bado inanichekesha, lakini ile mwisho wanaume wazima wanatapika kwa sababu ya Einhorn, yule afande wa kike anayegundulika kuwa mwanamume, sioni cha kuchekesha. Beverly Hills Cop III ndo kabisa, Eddie Murphy anatembea humo kama analazimishwa. Four Weddings and a Funeral nimeiona ukubwani, ni picha nzuri sana, ila ungeiweka pale Majengo watu wangedai kurudishiwa pesa zao kabla ya harusi ya pili.