Mkwaruzo wa Mbwa Safarini

SWALI: Mhariri, nikiwa safarini katika mji nisioujua, nilikuwa nikielekea stendi alfajiri, mbwa asiye na mwenyewe alipotokea kando ya jalala akanikwaruza mguuni. Damu ilitoka kidogo tu. Je, nina sababu ya kuhofu?

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji, na tunakusihi uende hospitali leo hii. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa, na mkwaruzo uliotoa damu, hata ukiwa mwembamba kama uzi, huhesabiwa kuwa mlango wa kutosha. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu huua karibu kila mara, ilhali chanjo ikianzwa mapema huuzuia. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usilifunge kwa nguvu, kisha umweleze daktari kama uliwahi kuchanjwa, kwa sababu asiyewahi huhitaji pia kudungwa kingamwili, yaani kinga iliyo tayari kupambana na virusi, ndani ya jeraha lenyewe.

Ukikutana na mbwa wengine, usikimbie wala usiwakodolee macho. Simama wima, kisha urudi nyuma polepole bila kuwapa mgongo.