Ukiifungua Mashine Yako, Waranti Imekufa?

Kompyuta ndiyo inayolisha nyumba yangu. Nina steshenari ndogo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu: nachapa barua, natoa kopi, nawajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo. Kwa hiyo siku mashine ilipogoma kuingiza chaji, nikaipeleka Kariakoo nilikoinunua, na kijana wa dukani akaipindua, akaona stika imechanika, akanirudishia bila hata kuiwasha, usiku ule sikupata usingizi. Tangu hapo wateja wengi wameniuliza swali lilelile lililokuwa likinizunguka kichwani: ukikifungua kifaa chako mwenyewe, waranti inakufa?

Mashine niliinunua mpya, ndani ya boksi lake. Nyuma ya risiti waliandika kwa kalamu "Waranti mwaka 1", wakagonga muhuri. Ilikuwa na RAM, ile kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini, ya GB 4. Kwa kuchapa barua inatosha, lakini ukifungua fomu tatu za mtandaoni huku printa inasubiri, inazubaa mpaka mteja anaanza kuangalia saa. Nikanunua RAM ya GB 8, nikatafuta video YouTube, nikaazima bisibisi ndogo kwa fundi simu wa jirani. Skrubu moja ilikuwa imefunikwa na kistika cha mviringo chenye maandishi ya Kiingereza kwamba ukikitoa, waranti imekwisha. Nilisita. Lakini yule bwana wa kwenye video, Mmarekani, alisema kwa uhakika kabisa kuwa stika hizo hazina nguvu kisheria. Nikaitoboa kwa ncha ya bisibisi, nikaendelea. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika ishirini, na kwa miezi mitano sikuwahi kujuta.

Kisha chaji ikagoma.

Nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar. Pale dukani nilianza kumweleza yule kijana sheria kama nilivyoisikia kwenye video. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Hiyo sheria ya wapi, dada?"

Nilikosa jibu. Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo lililonifanya nikasome.

Sheria ile ipo kweli, ila ni ya Marekani. Inaitwa Magnuson-Moss, ni ya mwaka 1975, na inamkataza mwenye kutoa waranti kumfunga mnunuzi kwa sharti la kutumia spea au fundi wa kampuni fulani, labda vitu hivyo avitoe bure. Aprili 2018 tume ya biashara ya huko, FTC, iliziandikia barua za onyo kampuni sita zinazouza magari, simu na mitambo ya michezo ya video kwa sababu ya masharti ya namna hiyo, zikiwemo stika kama ile niliyoitoboa. Yule bwana wa YouTube hakusema uongo. Alikuwa anazungumza na majirani zake.

Na hata huko kwao, sheria haisemi ukiharibu mwenyewe kampuni ikulipe. Inataka anayekunyima waranti aonyeshe kwamba kile ulichokifanya ndicho kilicholeta ubovu. Hapo ndipo nilipoona pa kushika, maana RAM niliyoongeza na tundu la chaji ni vitu viwili vinavyokaa mbalimbali. Hata bila sheria ya Marekani, hiyo ni hoja ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuisikiliza.

Kwetu tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia, na ipo pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa iliyotokana na enzi za mkoloni. Kiini chake ni kwamba mtu anayefanya biashara ya kitu fulani anatakiwa auze kitu kinachofaa kwa kazi kinachonunuliwa kuifanya. Kenya wameweka haki ya bidhaa zenye ubora hadi kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 46. Ndiyo maana lile bango la "Mali ikishauzwa hairudishwi" lisikuzibe mdomo. Kitu kikiwa kibovu tangu kinatoka dukani, unayo haki ya kudai na pa kupeleka malalamiko. Ila hiyo ni habari ya ubora wa bidhaa. Waranti ni ahadi ya ziada, na aliyeahidi ndiye aliyeweka masharti yake.

Nani sasa aliyeahidi? Mimi sikuwa nimewahi kujiuliza. Niliposhuka Msamvu jioni ile nilirudi na mashine mfu na kijitabu kilichokuwa chini ya boksi, ambacho sikuwahi kukifungua. Usiku nikakisoma neno kwa neno. Kumbe waranti zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya duka, ile ya kalamu na muhuri. Ya pili ni ya kampuni iliyotengeneza mashine, na hiyo haina habari na duka. Inafuata serial namba iliyo chini ya mashine. Niliingia kwenye tovuti ya kampuni, nikaandika namba ile, ikaniletea tarehe ya waranti kuanza na ya kuisha. Ilikuwa imeanza kuhesabiwa miezi miwili kabla sijainunua, jambo lililonisikitisha, lakini ilikuwa bado hai.

Kwenye tovuti hiyohiyo nikakuta kitu kilichonifanya nisimame nitembee chumbani. Kampuni yenyewe ilikuwa imeweka mwongozo wa kufungua mashine ile, na picha za kila skrubu, ikieleza hatua kwa hatua jinsi ya kubadilisha RAM. Nimejifunza baadaye kuwa si yao peke yao. Dell, HP na Lenovo wote huchapisha miongozo ya namna hiyo kwa mashine zao nyingi, na Lenovo na HP hutaja kabisa vipande ambavyo mteja anaweza kujibadilishia. Ile stika niliyoiogopa haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya duka.

Sitaki kuwasema vibaya wenye maduka kwa hilo. Nimezungumza nao baadaye na nimewaelewa. Wapo wateja wanaochomoa RAM nzuri, wanaweka mbovu, halafu wanarudi na sura ya huruma wakidai wameuziwa kimeo. Muuzaji hana maabara nyuma ya kaunta, ana stika tu. Kwa bidhaa zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai na Ulaya, ambazo waranti yake huwa ni wiki chache au mwezi, hiyo stika ndiyo kinga yake pekee. Ukinunua mashine ya namna hiyo, usiifungue hata kidogo mpaka siku alizokuandikia ziishe. Huna kampuni ya kukimbilia nyuma yake.

Mimi nilikuwa nayo. Nikaenda kituo cha huduma cha kampuni, Dar es Salaam, nikiwa na risiti ya EFD, boksi, na ile RAM ya zamani ya GB 4 niliyokuwa nimeihifadhi kwenye bahasha. Kabla sijaulizwa nikasema ukweli: niliifungua, nikaongeza RAM, hii hapa ya mwanzo. Fundi aliichukua RAM ya zamani, akairudisha mahali pake, akajaribu chaji, ikagoma vilevile. Basi. Jaribio hilo la dakika mbili lilimaliza ubishi wote ambao dukani ulinichukua saa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye tundu la chaji, wakalibadilisha bila kunitoza hata shilingi, na siku ya tisa nikapigiwa simu niende kuichukua.

Nilimuuliza fundi huwa anaangalia nini hasa mashine iliyofunguliwa ikifika mezani kwake. Alinionyesha kwa kidole. Vichwa vya skrubu vilivyolika kwa bisibisi isiyo saizi yake. Nyaya nyembamba kama utepe zilizokunjwa vibaya. Alama za risasi ya kuchomelea pasipo na sababu. Na vile vijikaratasi vyeupe vidogo vilivyobandikwa ndani, ambavyo vikiguswa na maji hugeuka vyekundu. Vimo hata kwenye simu nyingi, na kuna simu ambazo ukichomoa kitoroli cha laini ukamulika tochi unakiona. Hivyo ndivyo vinavyoua waranti. Kwake yeye, kufungua peke yake ni alama tu kwamba aangalie kwa makini zaidi.

Mdogo wangu hakuwa na bahati hiyo, na kwa kweli hakustahili kuwa nayo. Simu yake mpya, ya aina isiyoingia maji, ilianza kuishiwa chaji mapema. Badala ya kwenda kwa wenyewe, alimpa fundi wa kibandani ambadilishie betri. Simu za namna ile zimefungwa kwa gundi pembeni mwote, na gundi hiyo ndiyo inayozuia maji. Fundi aliipasha moto, akaifungua, akabadilisha betri, akaifunga kwa gundi ya kawaida. Mvua ya kwanza ya masika ikamkuta kwenye bodaboda. Alipofika kituo cha huduma, kijikaratasi kilikuwa chekundu kama damu. Alilalamika sana nyumbani, lakini hapa hata sheria ya Wamarekani isingemsaidia, kwa sababu kilichofanywa ndicho kilichoingiza maji. Na betri ile ingebadilishwa bure. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo ninayemshauri leo humwambia hivi: ndani ya muda wa waranti, ubovu wowote ambao hukuusababisha wewe ni wa kampuni, usiuguse, hata kama unajua kuurekebisha. Ukiurekebisha umewafanyia kazi yao na umebeba lawama yao. Kuongeza RAM au kuweka SSD, ile diski ya kuhifadhia yenye kasi, ni jambo jingine, kwa kuwa hapo mashine haijaharibika, unaiongezea nguvu, na mara nyingi kampuni inaruhusu. Soma mwongozo wa mashine yako hiyohiyo, kwa namba ya modeli. Nimeona mashine ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Ukifungua hizo umepoteza stika bure. Piga picha kabla na baada. Vipande vya mwanzo vitunze mpaka waranti iishe. Ukiletewa simu na ndugu aliye nje, muulize kama waranti yake inafanya kazi huku, maana nyingi zimefungwa kwa eneo ilipouzwa. Haki za sheria za huko hubaki na aliyenunua, kule alikonunua.

Waranti ikiisha, fungua. Mimi sasa nasafisha vumbi la feni mwenyewe kila baada ya miezi michache, na vumbi la Morogoro wakati wa kiangazi si la mchezo. Lakini vipo vitu sivigusi, na hapa nakusihi sana. Maikrowevu ina kapasita inayohifadhi umeme wa volti 2,000 na zaidi, na inaweza kukuua ingali imechomolewa ukutani. Betri ya simu iliyovimba usiibonyeze wala usiitoboe, inashika moto. Hivyo viachie waliosomea.

Mwezi uliopita nilinunua mashine ya pili, ya msaidizi wangu, palepale Kariakoo. Kabla ya kutoa pesa nilimwomba muuzaji aandike nyuma ya risiti kwamba kuongeza RAM hakuvunji waranti. Aliniangalia, akacheka kidogo, akasema hajawahi kuombwa hivyo. Akampigia bosi wake. Nilisimama pale kwenye joto nikisubiri, pesa mkononi. Baada ya dakika chache akarudi na kalamu, akaandika sentensi ile yote kwa herufi kubwa, akagonga muhuri juu yake.