Umepewa tarehe ya upasuaji: maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo nesi. Mama anatolewa uvimbe kwenye kizazi na ameambiwa asile kuanzia usiku wa manane. Ana vidonda vya tumbo, njaa humuumiza sana. Hata uji mwepesi asinywe? (Binti, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Uji asinywe, hata uwe mwepesi namna gani. Mtu akipewa nusu kaputi, uwezo wake wa kukohoa na kujikinga asipaliwe nao hulala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na asidi yake ikayaunguza. Ndiyo maana chakula na maziwa hukatwa angalau saa 6 kabla ya upasuaji, na chakula cha mafuta kama pilau au chapati saa 8. Maji matupu hupita tumboni upesi, na wagonjwa wengi huruhusiwa kuyanywa mpaka zibaki saa 2 kabla ya upasuaji. Muulize daktari wa usingizi: "Mama anaweza kunywa maji mpaka saa ngapi?" Mweleze na habari ya vidonda, akiona inafaa atampa dawa ya kupunguza asidi.

Tena jihadharini na huruma ya ndugu. Wodini nimeshuhudia shangazi akifika alfajiri na chupa ya chai ya maziwa, mgonjwa akapiga mafunda mawili kwa kujificha, kisha akanyamaza. Mama akiwa amekula au kunywa chochote, aseme, hata kama ameshapandishwa kwenye kitanda cha kwenda thieta. Kuahirishwa kunaudhi, lakini kunyamaza kunaweza kumgharimu uhai.

Nina presha na sukari, nafanyiwa upasuaji wa ngiri. Natumia amlodipini, metfomini na aspirini ndogo. Asubuhi hunywa kitunguu saumu na tangawizi. Niache vyote? (Mzee, Tanga)

Usiache wala kuendelea kwa uamuzi wako, mzee wangu. Dawa hizi hazifanani. Amlodipini kwa kawaida humezwa asubuhi ileile kwa funda moja la maji, kwa sababu presha ikipanda upasuaji unaweza kusitishwa. Metfomini, dawa ya sukari, mara nyingi huachwa siku hiyo, maana huli. Aspirini ndiyo inayotaka mjadala: huongeza kutoka damu, lakini kwa mtu aliyewahi kuzibuliwa mishipa ya moyo, kuiacha ghafla ni hatari. Kitunguu saumu na tangawizi pia vitaje, na mitishamba yoyote unayotumia, hata ile unayoona aibu kuitaja. Hakuna daktari wa maana atakayekucheka. Wabebee dawa zenyewe na maboksi yake. Kusema tu "kile kidonge cheupe" hakuwasaidii.

Nilipakwa hina na piko harusini, mpaka kwenye kucha. Haitoki. (Bi harusi, Unguja)

Hongera, dada. Wakati wa upasuaji kuna kifaa kinachobana kidole na kupitisha mwanga ili kupima oksijeni ya damu. Rangi ya kucha ifute kabisa. Hina ya kawaida haisumbui sana. Piko jeusi ndilo linaloweza kukizuia kifaa kisisome. Usijikwangue. Sema mapema, watakiweka kwenye ndewe ya sikio. Pete, hereni na kipini viache nyumbani. Na usinyoe sehemu ya upasuaji kwa wembe: mikwaruzo yake midogo ni mlango wa vijidudu. Oga vizuri kwa sabuni, inatosha.

Tumeambiwa tutafute wachangia damu wawili. Kuna kijana nje ya geti anataka alipwe. (Kaka wa mgonjwa, Dar es Salaam)

Msimlipe. Anayeuza damu ana sababu ya kuficha maradhi yake. Damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi ya siku chache yanaweza yasionekane. Waombeni wenzenu wa kazini, msikitini au kanisani: mwenye miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, aliyekula na kunywa maji. Si lazima kundi lao lifanane na la mgonjwa, kwa kuwa damu yao huingia benki ya damu.

Mume wangu ameshasaini fomu. Mimi sijaelezwa wanakata nini. (Mama, Mwanza)

Hili limenigusa, mama. Kama una akili timamu na ni mtu mzima, ridhaa ni yako wewe. Kusaini kwa mume hakuzibi nafasi hiyo. Kabla hujapelekwa thieta, mwite daktari akueleze kwa Kiswahili: kinatolewa nini na kinabaki nini, madhara gani yanaweza kutokea, na kuna tiba gani nyingine. Kama kuna uwezekano wa kuondoa kizazi au kufunga uzazi, hilo litajwe waziwazi. Ukishaelewa, saini mwenyewe. Usipoelewa, mwambie arudie, na umwombe mumeo akae hapo asikilize pamoja nawe.