Brashi ya Vumbi na Unyevu wa Masika

SWALI: Brashi yangu ya nyuzi za plastiki, nikiisugua kwa kitambaa kikavu, huvuta vumbi la milango ya nakshi, mbona wakati wa masika hushindwa? Fundi seremala, Langoni, Lamu.

JIBU: Ndugu fundi, kusugua huipa brashi chaji ya umeme, nayo huvuta hata vumbi lisilo na chaji, kwa kuwa huzitenga kidogo chaji chanya na hasi zilizomo ndani ya kila chembe. Unyevu wa masika hutandaza utando mwembamba wa maji juu ya nyuzi, na chaji huvuja. Baadhi ya vishikio vya roboti viwandani, ambavyo hunyanyua kitambaa kwa mvuto huohuo wa chaji bila kukibana, hulishwa maelfu ya volti mfululizo (mkondo wake ni mdogo mno), hivyo chaji inayovuja hujazwa tena. Wewe ianike brashi juani kabla ya kuisugua.