Usiiulize seva iliyovamiwa kama imevamiwa

Watu wanaoniita kukagua seva zao huanza karibu wote na maneno yaleyale: ukuta wa moto (firewall) upo, tumefunga kila kitu isipokuwa poti (milango ya mawasiliano) 22, 80 na 443. Ni jambo jema. Ila ukuta wa namna hiyo umepangwa kuwazuia wanaoingia kutoka nje, na mvamizi aliyekwisha kuingia hana shida nao. Yeye huanzisha mawasiliano kutokea ndani, mara nyingi kupitia poti 443, na ukuta unampitisha kama mwenye nyumba.

Basi neno langu kwa yeyote anayetunza seva za Linux ni hili: usikubali ushahidi wa seva peke yake. Mtu akishapata mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, anaweza kubadilisha `ps`, `ss` na `ls`, amri zinazoonyesha michakato, mawasiliano na mafaili, au akaisajili maktaba yake (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) kwenye faili la `/etc/ld.so.preload`. Hapo karibu kila programu inayoanza huipakia maktaba hiyo kwanza, nayo huchuja majina ya faili na michakato isiyotakiwa kuonekana. Kwenye seva nyingi faili hilo halipo kabisa. Ukilikuta na hujui nani kaliweka, acha shughuli nyingine zote ulifuatilie.

Niliwahi kuitwa na mfanyabiashara mwenye maduka kadhaa ambaye seva yake ya stoo ilikuwa nzito mno. `top`, amri inayoonyesha kazi za mashine, ilionyesha kichakataji kimetulia, huku feni zinavuma na kasha la mashine ni la moto ukiligusa. Sikuendelea kuihoji seva. Nilihamia kwenye ruta na kunasa paketi (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) kwa `tcpdump`, yakaonekana mawasiliano yasiyokatika kwenda anwani moja ya nje, poti 3333, ambayo wachimbaji wa sarafu za kidijitali wanaipenda sana. Faili la preload lilikuwepo.

Njia waliyoingilia ndiyo ningependa kila fundi aielewe. Aliyesimika mfumo aliweka kontena la kusimamia Docker (mfumo unaoendesha programu ndani ya vifurushi vilivyotengwa, yaani kontena), akalifungulia poti 9000, na neno la siri likawa la kukisia. Aliamini `ufw`, programu ya ukuta wa moto, inaizuia poti hiyo, kwa kuwa `ufw status` ilisema hivyo. Kumbe Docker ikifungua poti huandika kanuni zake yenyewe za iptables (kichujio cha paketi cha Linux), na paketi za kontena hupitia mnyororo wa kanuni wa FORWARD bila kufika ule wa INPUT, ambako kanuni za kawaida za ufw zinakaa. Mbaya zaidi, kontena lile lilikuwa limepewa `/var/run/docker.sock`, soketi ya kuiamuru Docker. Anayeishika soketi hiyo anaweza kuanzisha kontena jingine lenye diski nzima ya seva ndani yake, kwa hiyo tayari ni root. Unapofungua poti ya kontena andika `127.0.0.1:9000:9000` badala ya `9000:9000`, ili ifikike ndani ya seva tu, au weka kanuni zako kwenye mnyororo wa DOCKER-USER. Kisha kaa kwenye mashine iliyo nje ya mtandao wako, endesha `nmap -p-`, inayopima poti zote, dhidi ya anwani yako, urudie na `-6` kama unatumia IPv6, ulinganishe na majibu ya `ss -tlnp` ndani ya seva. Poti inayoonekana nje bila kuonekana ndani ni habari mbaya.

Kuna adui ambaye hata nmap haimwoni. BPFDoor, programu ya mlango wa nyuma iliyoanza kuelezwa hadharani mwaka 2022, haihitaji kufungua poti ili isikilize. Hutumia BPF, kichujio cha paketi kilichomo kwenye kiini cha Linux, kusoma paketi kabla kanuni za ukuta hazijazigusa, ikisubiri paketi yenye alama maalumu. Ukiwa root, endesha `ss -0pb` uone ni programu zipi zinasikiliza paketi ghafi. Programu ya DHCP (inayoiombea mashine anwani ya mtandao) ni kawaida kuwepo. Jina usilolijua lichunguze. BPFDoor pia hujinakili kwenye `/dev/shm`, ikafuta faili lake na kubaki kwenye RAM, kwa hiyo pitia `ls -l /proc/*/exe | grep deleted`. Usishtuke ukiona huduma ambayo imesasishwa juzi na haijawashwa upya, nayo hutokea humo.

Kazi inayolipa kuliko zote ni kufunga njia ya kutoka, na ndiyo inayokwepwa kwa sababu inachosha. Jiulize seva ya tovuti inahitaji kwenda wapi: DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), saa kupitia poti 123, hazina za masasisho, pengine lango la malipo. Mawasiliano mengine yanakwenda kwa nani? Anza kwa kuyarekodi tu, wiki kadhaa, mpaka umeizoea tabia ya seva yako, ndipo uyazuie. Mchimbaji wa sarafu asiyefika kwa bwana wake hana faida.

Kumbukumbu za matukio (logi) nazo zitumwe papo hapo kwenye mashine nyingine kwa programu ya rsyslog, maana root anaweza kufuta chochote kilichomo ndani. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, Clifford Stoll alianza kumfuata mvamizi kwa sababu ya upungufu wa senti 75 kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta. Aliunganisha printa kwenye laini za simu zilizoingia, mvamizi akawa anaandikwa kwenye karatasi asizoweza kuzifikia. Wazo hilo halijazeeka.

Na ukimkuta mvamizi? Usizime mashine, maana kilichomo kwenye RAM kitapotea. Itenge na mtandao, kisha nakili programu yenyewe kwa `cp /proc/PID/exe` kwenda diski nyingine, ukiweka namba ya mchakato mahali pa PID. Usijaribu kusafisha, jenga seva upya, na ubadilishe funguo zote za SSH (za kuingilia seva kwa mbali) na maneno ya siri ukiwa kwenye mashine safi. Kutoka kwenye nakala rudufu rejesha data tu, programu uzisakinishe kutoka kwenye chanzo chake, kwa sababu huenda mvamizi alikuwa ameshaingia hata kabla nakala hiyo haijachukuliwa.